Plaki ya ateri: tukate mzizi au tusafishe ukuta?

Aliyenusurika na mshtuko wa moyo hutoka hospitali na mfuko wa dawa: za kushusha kolesteroli, za kuzuia damu isigande ovyo, za kuupunguzia moyo mzigo. Huenda pia amewekewa stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaoushikilia mshipa ubaki wazi. Plaki yenyewe, yaani mlundikano wa mafuta, seli zilizokufa na kovu ambao umekuwa ukijijenga ndani ya kuta za ateri kwa miongo kadhaa, kwa sehemu kubwa inabaki pale pale. Wanasayansi wa baiolojia sanisi wanadai hapa pana kazi yao. Wanasema jeni, seli na vimeng'enya vinaweza kupangwa upya vifanye kile ambacho mwili umeshindwa kukifanya wenyewe.

Dai hilo lina watetezi makini na wapinzani makini, lakini mjadala wake huvurugwa na jambo moja: watu huchanganya kazi mbili tofauti. Wako wanaotaka kukata mzizi, wazuie mafuta yasifike ukutani. Wako wanaotaka kuusafisha ukuta wenyewe. Ushahidi wa kazi ya kwanza hautoshi kuithibitisha ya pili, na hatari zake hazifanani. Kwa maoni yangu ya kwanza iko karibu kuliko watu wengi wanavyodhani, na ya pili iko mbali kuliko inavyotangazwa.

Kwanza plaki yenyewe. Wengi huipigia picha ya bomba lililoziba kwa mashapo, kwamba ukikwangua tu maji yatapita. Picha hiyo inapotosha. Plaki haikukaa juu ya ukuta, imo ndani yake, chini ya utando mwembamba wa seli unaogusana na damu. Chembe za LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, hupenya utando huo, hunaswa katika nyuzi zilizo chini yake, kisha hubadilika kikemia. Mwili huziona kama taka na kutuma makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli hizo humeza na kumeza hadi zinajaa matone ya mafuta na kuonekana kama povu chini ya darubini. Zikifa, humwaga shehena yake papo hapo, na zile zinazokuja kufagia nazo zinalemewa. Juu ya lundo hilo seli za misuli ya ukuta hujenga kifuniko cha nyuzi. Kifuniko kikiwa kinene, mtu anaweza kuzeeka na plaki yake asijue kama anayo. Kikiwa chembamba kikapasuka, damu hukutana na kilichomo ndani, bonge hujitengeneza kwa muda mfupi, na sehemu ya moyo au ubongo inakosa damu.

Kuna kasoro moja ya kimaumbile inayoeleza kwa nini wazo la kukopa kwa viumbe wengine linavutia. Seli ya binadamu inaweza kuitengeneza kolesteroli, kuihifadhi na kuihamisha, na ini linaweza kuigeuza kuwa asidi za nyongo. Kuzivunja pete zake nne, haiwezi. Makrofaji iliyoshiba ina njia moja kuu ya kujinusuru: kuikabidhi kolesteroli kwa chembe za HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, ziirudishe kwenye ini. Njia hiyo ikizidiwa, mafuta hayana pa kwenda. Bakteria kadhaa hawana tatizo hilo. Rhodococcus wa udongoni huzivunja pete hizo, na hata Mycobacterium tuberculosis, anayesababisha kifua kikuu, hula kolesteroli ya mtu anayemuugua. Kimeng'enya tunachokikosa kipo, ila kinamilikiwa na viumbe ambao kwa kawaida tunawakimbia.

Baiolojia sanisi, kwa ufupi, ni juhudi za kupanga jeni kama fundi anavyopanga saketi. Inahesabiwa kuanza mwaka 2000, wakati timu mbili za watafiti zilipoonyesha swichi ya jeni na saa ya jeni ndani ya bakteria. Anayedhani habari hizi zote ni za kesho huenda tayari anaimeza. Simvastatini, mojawapo ya dawa zinazotumika zaidi kushusha kolesteroli, ina njia ya kutengenezwa inayotumia kimeng'enya LovD kilichorekebishwa na timu ya Yi Tang wa UCLA na kuendelezwa na kampuni ya Codexis. Kazi hiyo ilipata tuzo ya rais wa Marekani ya kemia rafiki kwa mazingira mwaka 2012. Hakuna aliyeandamana, pengine kwa sababu kiumbe kilichorekebishwa kilibaki kiwandani. Mjadala mkali huanza kinapoingia mwilini.

Hoja ya kukata mzizi ina nguvu isiyo ya kawaida kwa sababu ilianzia kwa watu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakichunguza familia za Ufaransa zenye kolesteroli ya juu ya kurithi waligundua hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Protini ya jeni hiyo huharibu vipokezi ambavyo ini hutumia kuiondoa LDL kwenye damu. Ikizidi kufanya kazi, kolesteroli hupanda. Swali lililofuata lilikuwa la wazi: vipi ikilala? Mwaka 2006 timu ya Jonathan Cohen na Helen Hobbs ilitoa jibu. Wamarekani Weusi waliozaliwa na nakala moja mbovu ya PCSK9 walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88 katika miaka 15 ya kufuatiliwa. Tazama tofauti ya tarakimu hizo mbili. Punguzo la wastani lililodumu tangu kuzaliwa lilileta kinga kubwa kupita lile punguzo kali linaloanza baada ya mtu kufikisha miaka 60. Wamepatikana hata watu wachache wasio na nakala yoyote inayofanya kazi, nao ni wazima.

Dawa zikafuata mstari huo. Sindano za kingamwili dhidi ya PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015. Jaribio la FOURIER, lililochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wagonjwa 27,564, lilionyesha kwamba evolocumab, mojawapo ya sindano hizo, ikiongezwa juu ya statini (kundi la dawa za kushusha kolesteroli ambamo simvastatini imo) hupunguza matukio makuu ya moyo na mishipa kwa asilimia 15 katika muda wa miaka miwili na kidogo. Kisha ikaja inclisiran, inayonyamazisha ujumbe wa jeni hiyo ndani ya ini, na ambayo baada ya dozi za mwanzo huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Hatua iliyobaki ikawa kuihariri jeni yenyewe mara moja na kumaliza.

Kampuni ya Verve Therapeutics iliichukua hatua hiyo mwaka 2022 huko New Zealand, kwa kutumia zana inayobadilisha herufi moja ya DNA bila kukata nyuzi zake zote mbili. Zana hiyo hubebwa ndani ya matone madogo sana ya mafuta yanayokimbilia kwenye ini. Toleo la kwanza, VERVE-101, lilisimamishiwa uandikishaji mwezi Aprili 2024 baada ya vipimo vya damu kuonyesha dalili za ini kusumbuka na kushuka kwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na lawama zikaelekezwa kwenye yale matone ya mafuta kuliko kwenye zana ya kuhariri. Toleo la pili, VERVE-102, lilibadilishiwa vibebeo. Aprili 2025 kampuni ilitangaza matokeo ya watu 14: waliopewa kipimo cha juu zaidi kwa wakati huo walishuka LDL kwa wastani wa asilimia 53, na mmoja akafika asilimia 69. Miezi miwili baadaye Eli Lilly ikatangaza kuinunua Verve kwa kiasi kinachoweza kufika dola bilioni 1.3.

Watetezi wana hoja moja nzito, nayo inahusu binadamu kuliko kemia. Dawa isiyomezwa haiponyi. Statini imethibitishwa tangu jaribio la 4S la mwaka 1994, ambamo wagonjwa 4,444 walifuatiliwa na vifo vikapungua kwa asilimia 30. Hata hivyo wengi wanaoandikiwa huiacha, mara nyingi mapema, kwa sababu ugonjwa hauumi na kidonge kinakera. Sindano ya mara moja haihitaji kukumbukwa. Tena ingeweza kutolewa mapema, kabla plaki haijakomaa, na kuiga kile ambacho maumbile yaliwafanyia wale wa mwaka 2006.

Wapinzani hujibu kwamba ile faida ndiyo hatari yenyewe. Kidonge kikileta shida unakiacha. Herufi ya DNA iliyobadilishwa huirudishi kwa kuacha kitu. Halafu kuna suala la hesabu, ambalo naliona likirukwa sana: watu 14 ni wachache mno kwa swali la usalama. Hata kama tukio fulani baya halikumpata yeyote kati yao, kanuni za kawaida za takwimu bado zinaruhusu tukio hilo liwe linampata karibu mtu mmoja kati ya watano. Ili kuona dhara linalompata mmoja kati ya elfu unahitaji maelfu ya watu, na ili kuona saratani inayochelewa unahitaji miaka. Mamlaka ya dawa ya Marekani inapendekeza waliohaririwa jeni wafuatiliwe hadi miaka 15, na pendekezo hilo si urasimu mtupu.

Mimi hofu ya zana kubadilisha herufi isiyokusudiwa hainisumbui sana kama hoja nyingine, kwa sababu inapimika maabara kabla ya kumgusa mtu. Kinachonisumbua ni ulinganifu. Mshindani wa kweli wa uhariri ni inclisiran, sindano mbili kwa mwaka zinazoweza kusitishwa. Kuulinganisha uhariri na kutotumia dawa yoyote ni kuupa ushindi wa bure. Ukimwambia mgonjwa achague kati ya kitu kinachodumu daima na kitu kinachofanana nacho kinachodumu miezi sita, kile cha daima kinapaswa kuonyesha faida ya ziada ili kufidia ukosefu wa mlango wa kutokea. Faida hiyo haijaonyeshwa, kwa kuwa jaribio la namna hiyo halijafanyika.

Je, kukata mzizi kunaiondoa plaki? Kidogo, ndiyo. Jaribio la GLAGOV la mwaka 2016 liliingiza kamera za mawimbi ya sauti ndani ya ateri za wagonjwa 968. Waliopewa evolocumab pamoja na statini walipungukiwa na ujazo wa plaki kwa takriban nukta moja ya asilimia katika mwaka mmoja na nusu, huku waliotumia statini peke yake hawakubadilika. Ni kipande kidogo mno, lakini matukio ya moyo yalipungua katika jaribio kubwa la FOURIER. Inaonekana ukipunguza mafuta yanayoingia, plaki hukauka, kifuniko chake huimarika, na haipasuki kirahisi. Kwa hiyo si lazima iondoke ili isikudhuru, na mantiki yote ya kusafisha ukuta haina budi kulijibu hilo.

Sasa tuingie kwa wasafishaji, kundi lenye mawazo ya kusisimua zaidi na historia ya majeraha zaidi.

Mawazo yenyewe ni mengi. Kampuni ya Repair Biotechnologies inatumia mRNA, ujumbe wa muda unaoielekeza seli itengeneze protini fulani, kulipa ini uwezo wa muda wa kuvunja kolesteroli huru iliyozidi, na matokeo iliyoyatangaza ni ya panya. Kampuni ya Cyclarity inaunda molekuli ya sukari yenye umbo la pete mbili, iliyosanifiwa kwa kompyuta ili inase 7-ketokolesteroli, aina yenye sumu inayorundikana ndani ya plaki. Hiyo, kwa maana kali, ni kemia kuliko baiolojia sanisi, ingawa ukoo wake ni ule wa wazo la zamani la kukopa vimeng'enya vya bakteria wa udongo. Timu ya Nicholas Leeper wa Stanford ilionyesha mwaka 2016 kwamba seli zinazokufa ndani ya plaki hujifunika protini CD47, ishara inayowaambia wafagiaji "usinile", na kwamba ukiiziba ishara hiyo panya hupungukiwa na plaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamepanga upya seli za kinga za aina ya T zitambue LDL iliyoharibika na kutuliza uvimbe, nao pia kwa panya.

Kila moja ina kikwazo chake. Dawa ya kuziba CD47 ikizunguka mwilini huwakuta pia wenye ishara hiyo hiyo kwa haki, yaani chembe nyekundu za damu, na upungufu wa damu unafuata. Ndiyo maana kundi hilo la Stanford likageukia vibebeo vidogo vinavyomezwa na chembe nyeupe maalumu. Kimeng'enya cha bakteria ndani ya seli ya binadamu ni mgeni, na kinga ya mwili imeumbwa kuvitafuta vipande vya wageni na kuziua seli zinazovionyesha. Kolesteroli ni malighafi ya homoni za steroidi, hivyo ukiivunja nusunusu unaweza kuzalisha vitu vyenye nguvu ambavyo hukuvikusudia. Tena kila seli inaihitaji kwenye utando wake, kwa hiyo kimeng'enya chenye bidii kupita kiasi ni sumu. Halafu lipo tatizo la anwani: matone ya mafuta yanayobeba mRNA hupenda kwenda kwenye ini, na kuyafikisha ndani ya ukuta wa ateri ya moyo, kwenye seli zinazokaribia kufa, ni kazi nyingine kabisa.

Haya ni matatizo ya uhandisi, na uhandisi husonga mbele. Linalonifanya nisite zaidi ni historia ya HDL, ambayo kila anayewekeza katika usafishaji angepaswa kuijua kwa moyo.

Katika kijiji cha Limone sul Garda, Italia, madaktari waligundua familia yenye HDL ya chini sana lakini mishipa mizuri. Sababu ilikuwa badiliko katika protini kuu ya HDL, likaitwa ApoA-I Milano. Wanasayansi wakaitengeneza protini hiyo kwa bakteria waliorekebishwa, ambayo kwa kweli ni baiolojia sanisi kabla ya jina kuzoeleka. Mwaka 2003 Steven Nissen na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 47 waliochomwa sindano mara moja kwa wiki kwa wiki tano. Kwa waliopewa dawa, plaki ilipungua kwa asilimia 4.2. Wiki tano tu! Magazeti yakashangilia, na mwishoni mwa mwaka huo Pfizer ikatangaza kuinunua Esperion, kampuni iliyokuwa na dawa hiyo, kwa dola bilioni 1.3. (Ndiyo, bei ile ile iliyotajwa kwa Verve miaka zaidi ya ishirini baadaye. Soko lina kumbukumbu za ajabu.) Toleo jipya la protini hiyo lilipojaribiwa tena kwa wagonjwa wanaotumia statini vizuri, matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha faida yoyote ya ziada.

Haikuishia hapo. Dawa nyingine, torcetrapib, ilipandisha HDL kwa zaidi ya asilimia 70, na mwezi Desemba 2006 jaribio lake la watu zaidi ya 15,000 lilisimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikuwa wakifa zaidi. CSL112, protini ya ApoA-I iliyochujwa kutoka kwenye damu ya binadamu, ilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 18,000 waliotoka tu kupata mshtuko wa moyo. Mwaka 2024 ikathibitika kwamba haikufikia lengo lake kuu. Dawa zote hizi zilitegemea mantiki nzuri: ongeza uwezo wa kubeba kolesteroli nje ya plaki. Mantiki haikuwa na kosa la wazi kwenye karatasi, na kwenye panya ilipendeza.

Wasafishaji wa leo wana jibu, na nadhani ni jibu la haki. Wanasema zile dawa zilimpa mbebaji nguvu wakati seli yenyewe ilikuwa imeshashindwa kuufungua mlango. Kimeng'enya kinachovunja kolesteroli ndani ya seli hakimngoji mbebaji. Ni utaratibu tofauti, na kushindwa kwa mmoja hakumhukumu mwingine. Nakubali. Lakini historia hiyo inafundisha kitu kingine ambacho jibu hilo haligusi: picha nzuri ya plaki kwa watu 47 ilitabiri vibaya. Anayekuja na picha nzuri ya plaki kwa panya 47 yuko hatua mbili nyuma ya hapo.

Panya wa maabara hizi nao wana yao. Panya wa kawaida hapati ugonjwa huu; kolesteroli yake husafiri zaidi ndani ya HDL, na hana protini CETP tuliyo nayo sisi, inayohamisha kolesteroli kutoka HDL kwenda kwenye chembe nyingine. Tangu mwaka 1992 wanasayansi hutumia panya walionyimwa jeni ya ApoE, protini inayosaidia kuondoa mafuta kwenye damu, ili wapate plaki kwa haraka. Plaki hizo hutokea, hukua, na ukitoa dawa hunywea vizuri. Zinachofanya kwa nadra mno ni kupasuka na kuua, na hilo ndilo tunalolihofia kwa binadamu. Ukijaribu dawa ya ugonjwa kwa mnyama asiyepata hatua mbaya zaidi ya ugonjwa huo, umejibu nusu ya swali.

Nusu iliyobaki ina mfano wake kwa watu. Jaribio la ISCHEMIA la mwaka 2020 lilichukua wagonjwa 5,179 wenye ateri zilizozibwa kiasi cha kutosha kuathiri moyo lakini hali zao zikiwa tulivu. Kuwafungulia mishipa mapema kwa stenti au upasuaji hakukupunguza vifo wala matukio makuu kuliko kutumia dawa na kusubiri, ingawa waliokuwa na maumivu ya kifua walipata nafuu. Plaki iliyoonekana mbaya kwenye picha haikuwa lazima ndiyo ingeua. Ugonjwa umetapakaa kwenye mti mzima wa mishipa, na kuishughulikia sehemu moja kunabadilisha kidogo hatima ya mtu. Kwa upande huu wasafishaji wana hoja inayowafaa: dawa inayosafiri na damu na kufika kila kona ingefanya kile ambacho stenti haiwezi.

Kuhusu kuipanga upya kinga ya mwili, tuna onyo moja zuri. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye wagonjwa 10,061, lilizima ishara moja tu ya uvimbe bila kugusa kolesteroli kabisa. Matukio ya moyo yakapungua kwa asilimia 15 kwenye dozi ya kati, na hapo nadharia ya uvimbe ikathibitika. Maambukizi yanayoua yakaongezeka pia. Seli hai zilizopangwa upya zinaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuwa zinaweza kuelekezwa mahali pamoja, au vibaya zaidi kwa kuwa hujizalisha. Zile seli za T zilizorekebishwa kutibu saratani ya damu, za aina ya CAR-T, zilitakiwa na mamlaka ya Marekani mwaka 2024 zibebe onyo kuhusu uwezekano wa kusababisha saratani mpya. Mgonjwa ambaye leukemia inamuua mwezi huu atalikubali onyo hilo. Mtu mzima mwenye LDL ya juu anayejisikia vizuri ana sababu ndogo ya kulikubali, na daktari wake ana sababu ndogo zaidi ya kumshawishi.

Njia ya tumboni naipita haraka. Mwaka 2020 ilielezwa jeni ya bakteria wa utumbo, ismA, ambayo wenye nayo hugeuza kolesteroli kuwa kitu kisichofyonzwa, na watu wanaowahifadhi huwa na kolesteroli ya damu iliyo chini kidogo. Kupanga bakteria salama kama E. coli Nissle wabebe kazi hiyo ni wazo la kupendeza na lenye hatari ndogo. Ila bakteria wa namna hiyo waliopangwa na kampuni ya Synlogic kutibu ugonjwa mwingine, fenilketonuria, waliachwa katika jaribio la mwisho mwaka 2024 kwa kukosa matumaini ya kufaulu. Utumbo una wenyeji wake, na mgeni hapewi nafasi kirahisi.

Palipo na mvuto wa kweli wa baiolojia sanisi, kwangu, ni kwenye masharti. Saketi ya jeni inaweza kuundwa iwake tu inapokuta dalili mbili kwa pamoja, tuseme LDL iliyoharibika na uvimbe, na izimike zikiondoka. Inaweza kupewa swichi ya kujiua inayochochewa na dawa ya kawaida. mRNA nayo hufanya kazi siku chache kisha huoza yenyewe. Zana za aina hiyo zinarudisha ule mlango wa kutokea ambao uhariri wa kudumu umeufunga. Inashangaza kwamba pesa nyingi zimeelekea kwenye kudumu kuliko kwenye kudhibitika, ingawa ninaelewa: "mara moja tu" ni neno tamu kwa mwekezaji.

Kuna na suala la nani atafikiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 19.8 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa mwaka 2022, zaidi ya robo tatu katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mkosoaji atasema kidonge cha statini, dawa isiyolindwa tena na hataza, kingewaokoa wengi wao kwa gharama ndogo mno, na kila bilioni inayoingia kwenye uhariri ni bilioni isiyopeleka kidonge hicho. Mtetezi atageuza meza: sindano moja ya maisha inafaa zaidi pale ambapo kliniki iko mbali na dawa hukatika. Hoja ya pili ningeipenda zaidi kama bei za tiba za jeni zisingekuwa zilivyo. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni kwa ugonjwa wa selimundu, iliingia soko la Marekani mwaka 2023 kwa dola milioni 2.2. Uhariri ndani ya ini hauhitaji kuvuna seli wala kulazwa muda mrefu, kwa hiyo unaweza kuwa rahisi kuliko huo, lakini kati ya unaweza na utakuwa kuna kampuni inayopanga bei.

Basi nani awe wa kwanza? Wanaofaa zaidi ni wale ambao dawa zilizopo zimewashinda, na hapa pana kejeli. Wenye aina kali ya kolesteroli ya kurithi, takriban mmoja kati ya watu 300,000, hupata ugonjwa wa moyo wakiwa vijana na hata watoto. Wengi wao hawana vipokezi vya LDL vinavyofanya kazi, na kuzima PCSK9 hufaidi kupitia vipokezi hivyo hivyo. Dawa inayosifiwa zaidi haiwafai wanaoteseka zaidi. Kwao lango ni jeni nyingine, ANGPTL3, ambayo kuizima hushusha LDL bila kutegemea kipokezi hicho. Mwishoni mwa 2025 CRISPR Therapeutics ilichapisha jaribio la awali la kuihariri jeni hiyo kwa watu 15 wenye matatizo mbalimbali ya mafuta ya damu. Kwenye dozi ya juu LDL na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zilishuka kwa karibu nusu. Kwa mgonjwa wa aina hiyo ambaye tayari amepata mshtuko wa moyo na LDL yake haisogei, ningeunga mkono kumwandikisha leo, kwa idhini iliyoeleweka na ufuatiliaji wa miaka 15.

Kwa mtu wa miaka 55 ambaye statini inamfanyia kazi, nisingeunga mkono. Na kwa vimeng'enya vya kusafisha ukuta, ningependa kwanza kuviona kwa mnyama mkubwa kuliko panya, mwenye ateri zinazofanana na zetu, kisha kwa wagonjwa wanaotumia statini ipasavyo, na hesabu ikifanywa kwa mishtuko ya moyo iliyoepukwa. Ujazo wa plaki kwenye picha uwekwe kwenye kiambatisho.